Mstari wa Mwisho Ndani ya Piano

Adero alishika mkono mmoja wa koti zito la sufu, kumbe mkono wa pili umeshikwa na kijana mrefu mwenye shati la buluu lililonyooshwa kama la kwenda harusini. Mitumba ya Nakuru siku ya Jumamosi haina adabu; watu waliwasukuma kutoka kila upande.

"Boss, hii koti niliona kwanza."

"Chukua tu, siste. Mimi nilitaka kuikata-kata. Natengeneza piano, na sufu kama hii ya kuvisha vinyundo vyake ni ngumu kupata."

"Piano? Tuko na moja kwetu Njoro. Haijaguswa tangu Baba atuache."

Ndivyo kijana huyo, Kibii, alivyofika Njoro. Alipofungua kifuniko alikuta maandishi ya penseli. Marehemu babake Adero, karani wa reli, alikuwa akikaza nyuzi mwenyewe na kuandika tarehe mle ndani, kama mafundi wa piano wafanyavyo. Mstari wa mwisho ulisema: "Nyuzi zote sawa. Adero bado hajaleta mtu nyumbani."

Kibii akacheka. Adero naye akacheka, kisha machozi yakamlengalenga.

"Tafadhali usiandike kitu hapo chini. Hiyo ibaki ya mwisho."

"Sitaandika."

Miezi mitano ikapita kwa simu na utani.

"Umekula, malkia wa Njoro?"

"Nimekula, fundi wangu. Unakuja lini?"

Alikuja kukaza nyuzi tena, akaenda zake. Jioni Adero akafungua kifuniko. Chini ya mwandiko wa Baba palikuwa na tarehe ya siku hiyo na jina la Kibii.

Akampigia. "Nilikuomba kitu moja tu!"

"Woi, Adero! Mkono umezoea, uliandika kabla nifikirie. Pole sana."

"Pole haifuti."

Akakata simu. Akaufuta mstari ule kwa raba, polepole, asije akamgusa Baba. Wiki tatu hakupokea simu za Kibii, na kila ilipolia moyo ulimuuma.

Siku moja akasikia hodi. Kibii alikuwa mlangoni na kijitabu kipya.

"Hii itakaa ndani ya kiti ya piano. Kazi yangu yote nimeandika humu. Kule ndani ni kwa mzee."

Adero akakifungua, akasoma, hasira zikamwisha. "Nilikumiss, wewe."

"Basi niruhusu nilete wazee wangu hapa kwenu."

Adero akafungua kifuniko, akamnyooshea penseli. "Andika hivyo."

Kibii akaficha mikono nyuma. "Hapana. Mwenye piano ni wewe."

Adero akainama, akaandika mwenyewe chini ya mwandiko wa babake: "Nimemleta, Baba."