Moshi wa Ng'ambo ya Kijito

Kijiji chetu kina bomba moja, shule moja, zahanati moja na mashine ya kusaga inayokohoa kuliko wazee. Asubuhi ile, binti wa fundi baiskeli, ambaye wote tulimwita Kiguu na Njia, alikinga maji bombani bila kutulia. Siku hiyo vyandarua vilikuwa vinagawiwa zahanati.

Wiki moja kabla, mwalimu aliwatuma wanafunzi wahesabu kaya, ili muuguzi aagize vyandarua vya kutosha. Kiguu alipewa ng'ambo ya kijito. Lakini wenzake walikuwa wanacheza mpira! Basi akapanda jiwe kubwa nyuma ya shule, akahesabu moshi wa majikoni, akaandika, huyoo, mbio uwanjani.

Alipofika zahanati na mama yake, wakapewa vyao. Lakini vyandarua vya ng'ambo viliisha, na fundi cherehani wa huko alikuwa bado amesimama, kichanga kifuani.

"Dada, kaya yako haimo," muuguzi alimwambia.

"Haimo vipi? Kwani mimi mzimu?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Hakuna aliyepiga hodi kwangu. Nilikuwa mzazi, naletewa chakula na jirani, hata jiko sijawasha. Mbu wanammaliza mwanangu!"

Lo! Jiko halikuwashwa. Kiguu aliutazama mlango; miguu ilitaka kukimbia. Nani angejua? Kisha akaona uso wa kile kitoto ulivyojaa vipele, akaona aibu.

"Ni mimi, shangazi," alisema, machozi yakimlenga. "Sikupita nyumba hata moja. Nilihesabu moshi."

"Mtoto wewe!" mama yake akashika kiuno.

Kiguu akachomoa chandarua chake kwenye kikapu cha mama. "Chukua hiki. Mimi nitajifunika shuka."

Fundi cherehani alikipokea. "Ahsante, mwanangu. Ila umeniumiza."

"Nitaagiza vingine," muuguzi alisema. "Wewe nenda ukaanze upya, mlango kwa mlango."

Jioni Kiguu alirudi zahanati, vumbi hadi magotini. Alikuwa amekuta kaya nyingine mbili alizoziruka, moja ya bibi anayeishi peke yake.

"Leo jina lako umelitendea haki," muuguzi alimtania, akaipokea karatasi. Kisha akamshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Kazi ya uongo haionekani siku unapoifanya. Huonekana siku mtu anapokuja na shida yake, akaambiwa hayumo."