Marehemu Anachambua Maharage

Jumanne, saa nne asubuhi, mwanamke ambaye redio ilikuwa imemtangaza kuwa marehemu alikuwa ameketi jikoni kwake akichambua maharage.

"Na sasa, wapenzi wasikilizaji," mtangazaji alikuwa amesema kwa sauti ya msibani, "wimbo mpya kabisa kutoka hazina ya marehemu Zumari." Kisha gita likaanza, na sauti ikafuata.

Binti yake, aliyepita kumletea dawa kabla ya kwenda kazini, alibaki amesimama mlangoni na mfuko mkononi. Sauti ile haikufanana tu na ya mama yake, ilikuwa yenyewe. Ndiyo iliyojaza kumbi kwa miaka mingi, hadi madaktari walipomkata koo kuondoa uvimbe, wakamwachia tundu shingoni. Tangu hapo Zumari hakuimba tena. Alipotaka kusema neno, aliziba tundu kwa kidole, na sauti ikatoka kama sufuria inayoburutwa sakafuni.

"Mama, huu uliuimba lini?"

Zumari aliziba tundu. "Sijawahi kuuimba. Hata kuusikia sijawahi." Akatupa kijiwe alichokikuta kwenye maharage. "Na huyo mtangazaji mwambie marehemu anakuja kumchukua."

Binti alizima redio. Kazini walimwita Mkaguzi, na hata nyumbani jina lilikuwa limemganda. Alifanya kazi katika kampuni ya bima, kazi ya kuwatembelea watu wanaodai nyumba zao zimeungua na kuwauliza mbona majivu ni machache. Alijua wezi wa kila namna, ila mwizi wa koo la mtu hakuwa amekutana naye bado.

"Wasikilizaji wanaamini nimekufa," Zumari alisema. "Na wanaamini wimbo wa hovyo kama ule nimeuacha mimi. Nitafutie mwizi. Pole sitaki, nimezishiba. Nataka mwizi."

Kabla ya adhuhuri Mjomba alibisha hodi. Alikuwa kaka wa Zumari, mpiga gita na mtunzi wa karibu nyimbo zake zote. Alivua kofia, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja hospitali.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Pole, dada. Nimesikia redioni, nikaona nije." Alitikisa kichwa. "Dunia imeharibika. Hizi mashine za akili bandia, ukizilisha kanda kuukuu za mazoezi, zinakutolea mwimbaji mzima mzima. Tufanyeje? Mkondo wa maji haupingwi."

"Mimi naupinga," Zumari akasema.

Mjomba alicheka kidogo, akaondoka bila kumaliza chai. Haikuwa kawaida yake kuacha chai.

Alasiri Mkaguzi alikuwa studio, kwa fundi sauti aliyerekodi santuri zote za mama yake. Chumba kilikuwa na kiti kimoja kizuri, na juu yake paka alikuwa amelala.

"Najua umekuja kunishuku," Fundi alisema. "Hata mimi ningejishuku. Rekodi zake ninazo zote, na njaa ninayo. Waimbaji hawaji tena, dada. Mtu anaiandikia mashine maneno mawili, inampa wimbo, mimi naombwa niuongezee sauti tu. Lakini njoo usikie."

Alimvisha vipokea sauti masikioni. "Katika rekodi zangu, tarumbeta ziko nyuma ya mgongo wake. Kuzitoa ni kama kung'oa gundi kwenye nywele. Lazima makovu yabaki. Sasa isikie hii ya redioni. Safi kama yai lililomenywa. Aliyeilisha mashine alikuwa na sauti yake ikiimba karibu peke yake, chumbani, bila bendi."

"Wewe huna za namna hiyo?"

"Ningekuwa nazo, saa hizi ningekuwa kwenye jumba la kifahari au jela. Unaniona niko wapi."

Mkaguzi alimwona alipo, yeye na paka wake. Alimwamini nusu, kama alivyomwamini kila mtu, akarudi kwa mama yake na wimbo ule kwenye simu.

"Usikilize tena," alisema. "Safari hii usikasirike. Sikiliza kama vile anaimba mtu mwingine."

Zumari alifumba macho. Ubeti wa kwanza ukapita. Katikati ya ubeti wa pili mabega yake yakaanza kutikisika, na Mkaguzi alidhani analia mpaka alipoona meno.

"Huyu ana mimba," Zumari alisema.

"Nani?"

"Mimi! Sikiliza pumzi. Mstari mmoja anaukata mara mbili. Mimi sikuwa nakata mistari, nilikuwa na mapafu ya farasi. Nilikata mwaka mmoja tu, mtoto aliponikanyaga mbavu." Alimnyooshea kidole cha mkono wa pili. "Na mimba nimebeba moja. Ulikuwa na mateke kama punda."

Mkaguzi aliweka simu mezani. Kumbe alikuwapo mahali pa tukio tangu mwanzo.

"Wakati huo kulikuwa na santuri yoyote?"

"Santuri wapi! Mwenye bendi alisema tumbo linaharibu gauni. Alinishusha jukwaani, akamweka msichana mwingine, huyo waliyekuja kumwita Kasuku. Nikatakiwa nimwimbie nyimbo zote kwenye kanda, mimi peke yangu, apate kujifunza."

Kwa hiyo kanda hizo zilikuwa kwa Kasuku. Mkaguzi alilala na jibu hilo, na kulipokucha lilikuwa bado linapendeza. Majibu yanayopendeza hakuyapenda.

Kasuku alikuwa na saluni ya nywele yenye viti vitatu na kioo kimoja kirefu. Aliposikia shitaka, aliacha kitana kichwani mwa mteja, kimesimama wima.

"Mwanangu, nisikilize vizuri. Jina hili la Kasuku nimelibeba maisha yangu yote. Siku nikitaka kuiba, nitaiba jina zuri."

"Kanda unazo?"

"Ninazo. Nilizitunza kama mtu anavyotunza kovu." Aliingia chumba cha nyuma, akarudi na redio ya kanda yenye mkanda ndani, akaibofya mbele ya wateja wote. Sauti changa ya Zumari ikajaa saluni, na kweli pumzi ilikuwa ikikatika katikati ya mistari.

"Umesikia mwisho wa mstari?" Kasuku aliuliza.

"Unaisha tu."

"Haswa! Na huu wa redioni?"

Mkaguzi aliucheza kwenye simu. Mwisho wa kila mstari sauti ilijikunja, ikashuka, ikapanda tena kidogo kama mtu aliyesahau kitu akageuka mlangoni. Huo ndio mkunjo uliomfanya Zumari awe Zumari. Watu walikuwa wakiusubiri wakiwa wamekwishanyanyuka vitini.

"Mama yako alininyima mkunjo," Kasuku alisema. "Katika kanda zote, haumo. Alinipa mtungi uliotobolewa kitako, akanituma kisimani. Nikazomewa. Unadhani mashine imeuokota wapi ikiwa mimi nimeukosa?"

Mteja mwenye kitana kichwani akaguna, "Mh! Wanawake!"

Mkaguzi alimpigia mama yake simu akiwa bado kizingitini. "Mama, ni kweli ulimnyima mkunjo?"

"Nilimnyima," Zumari alijibu bila kusita. "Ningempa, ningerudi kwenye kazi ipi baada ya kukuzaa?"

"Basi sikiliza. Sauti ya redioni ina pumzi ya mimba, ina mkunjo, na haina bendi. Mimba yangu, mkunjo wako, chumba kitupu. Uliimba hivyo wapi?"

Kwenye simu ikasikika hewa tu, kama kidole kimeondoka shingoni.

"Mama?"

"Njoo unichukue," Zumari akasema. "Tunaenda kwa kaka yangu."

Mjomba aliishi chumba na sebule. Mwaka ule wa mimba, dada yake alikuwa akija hapo kila alasiri, yeye anapiga, dada anajaribu maneno, na kanda inazunguka ili wasisahau walichokipata. Gita lilikuwa bado ukutani. Kando yake, kwenye meza, kulikuwa na kompyuta mpya.

"Karibuni, karibuni. Niwape chai?"

"Jana chai yako uliiacha," Mkaguzi alisema. "Mjomba, jana ulisema mashine hulishwa kanda za mazoezi. Nani alikwambia ni kanda za mazoezi?"

"Si... watu wanasema."

"Jana hakuna aliyekuwa amesema. Mimi mwenyewe nilikuwa sijajua. Ulijibu swali ambalo hujaulizwa, na kazini kwangu anayefanya hivyo huwa ndiye aliyewasha kiberiti."

Mjomba alimtazama dada yake, si mpwa wake. "Nilitaka kukufurahisha," alisema.

"Kwa kunizika?"

"Kampuni ya mtandaoni inayosambaza nyimbo za mashine inauliza mwenye sauti yu hai au amekufa. Akiwa hai, lazima akubali mwenyewe. Akiwa amekufa, ndugu anatosha." Aliinamisha kichwa. "Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi!" Aliinuka ghafla, na hasira ikamtoka kama maji yaliyochemka. "Nyimbo zile nani alizitunga? Mimi! Nani alijulikana? Wewe. Sikulalamika hata siku moja. Wewe ulikuwa kinywa changu, dada. Walipokukata koo wewe, na mimi walinikata, na hakuna aliyekuja kunipa pole. Nimewapelekea vijana nyimbo zangu, wananiambia, mzee, mashine inatunga bure. Nikasema vyema, mashine iwaimbie. Bila sauti yako, nani anasikiliza maneno yangu?"

Mkaguzi alifungua kinywa. Zumari akamnyamazisha kwa mkono, akaziba tundu.

"Nyumba yangu imebomoka paa, kweli. Lakini nimo ndani. Hujapata ruhusa ya kuipangisha."

"Nilikurudisha, dada. Ukiwa mzuri vilevile."

"Hukunirudisha mimi. Umemrudisha msichana mwenye mimba aliyekuwa anaogopa kufukuzwa kazi. Hata pumzi hakuweza kuvuta akashiba. Mwache apumzike." Akakinyooshea kidole kile kikompyuta. "Futa. Halafu uwaandikie kwamba sijafa, na kwamba aliyewaambia nimekufa ni wewe."

"Wakijua hivyo, hawatapokea wimbo wangu tena."

"Andika."

Mkaguzi alisimama nyuma ya kiti cha Mjomba akasoma kila neno. Mjomba alifuta wimbo, akaandika kosa lake kwa jina lake kamili, akabonyeza kutuma, kisha akakaa akitazama mikono yake kama si ya kwake. "Basi imekwisha," alisema. "Wewe huna sauti, mimi sina mwimbaji."

"Nani kakwambia sina sauti? Unanisikia kwa nini, kwa pua?" Zumari alitungua gita ukutani, akamtupia mapajani. "Ule wimbo wako, maneno yake si mabaya. Mashine ndiyo imeyaimba kama tangazo la sabuni. Anza."

"Dada, na sauti hiyo? Watacheka."

"Wacheke. Watakuwa wamenicheka mimi, si mzuka wangu."

Mjomba alivuta nyuzi, akakaza mmoja uliolegea, bado anatafuta njia ya kukataa. "Pale kwenye ubeti wa pili ni juu sana. Hutafika."

Zumari alikwishaweka kidole shingoni.

"Basi nitapita chini. Piga."