Injinia Asiyetia Saini

Asubuhi hiyo lifti zote mbili ziligoma, na watu wakajaa ukumbini kama wanaogawiwa sukari. Msichana wa mapokezi, gauni la bluu limemkaa sawasawa kiunoni, viatu virefu vinamfinya, aliinama kwenye shimo la lifti ya kushoto akaona kichwa kilichojaa vumbi.

"Kaka, tutapanda lini?"

"Wewe panda begani kwangu. Hao wengine wangoje."

Watu wakaangua kicheko. Mlinzi akaita, "Injinia, acha kutongoza, fanya kazi."

Binti akalidaka neno hilo: Injinia. Angejuaje kuwa ni utani, naye mgeni kazini? Mlinzi mwenyewe pale aliitwa Jenerali, na hakuwahi kushika hata manati.

Zikaanza simu.

"Mapokezi, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, Injinia wangu?"

"Mimi sauti yako inanishibisha."

"Basi kesho nitakunyima, tuone utakavyokonda."

Kila alipoitwa Injinia, fundi wetu aliitika, asisahihishe. Chuo alikiacha mwaka wa tatu, kampuni ya lifti ilipompa ovaroli mpya na mshahara. Alijiambia shahada ni pambo, ataichukua baadaye. Baadaye hiyo haikufika. Nafasi ya usimamizi ilipotangazwa, yeye hakuitwa hata kwenye usaili. Na kila lifti aliyoitengeneza ililala pale pale mpaka aje mwenye shahada, aikague, atie saini.

Huku nyuma mama wa binti alikwisha kumnong'oneza shangazi, na shangazi hana mlango mdomoni. Ukoo mzima ukajua: mkwe ni injinia.

Baba akaja kujionea. Kanzu nyeupe, bakora, magoti mabovu, na ofisi aliyosingizia kuwa na shida nayo iko ghorofa ya sita. Lifti ya kulia ilikuwa imegoma tena; ya kushoto imetoka kutengenezwa, taa zinawaka.

"Imepona?" mzee aliuliza.

"Imepona, baba. Tunamngoja injinia aikague."

"Injinia si wewe? Ikague, tia saini, tupande."

Binti alikuwa anatabasamu, anangoja.

"Siruhusiwi, baba. Mimi ni fundi. Chuo sikumaliza. Injinia ni jina la utani tu."

Tabasamu likamfia binti midomoni. Alivua viatu, akapanda ngazi peku mpaka juu, asigeuke. Mzee akaketi kwenye stuli ya Jenerali, akamngoja mkaguzi saa nzima.

Wiki nzima simu ya fundi ililia bila kupokelewa. Jumapili ikapokelewa.

"Mimi shahada sikukuomba," binti alianza. "Lakini nimekuita Injinia miezi yote hiyo na wewe unaitika tu. Uliniacha nijisifu mbele ya watu kama kasuku."

"Niliogopa ungeniona nusu mtu."

"Na sasa nakuona nusu mwongo. Ipi nafuu?"

Binti akashusha pumzi.

"Baba anakusalimu. Anasema wengi wangetia saini ile ili wamfurahishe mkwe, na leo angekuwa amening'inia kati ya ghorofa ya tatu na ya nne."

Fundi akacheka kidogo, kwa woga. "Nimekwenda chuoni. Wamenipokea, lakini masomo yangu ya zamani mengi wameyakataa, eti yamepitwa na wakati. Narudishwa mwaka wa pili, masomo ya jioni, na vitoto vitakavyoniita mjomba. Naona aibu kukuomba unisubiri."

"Nikusubiri wapi, kituoni? Tunaoana, halafu unasoma. Ukisinzia juu ya kitabu, nani atakufinya?"

"Mapokezi, hiyo ni ndiyo?"

"Hiyo ni ratiba ya masomo. Ndiyo yangu njoo uichukue kwa baba Jumamosi, na uvae shati, mpenzi. Ukija na ovaroli, mama atakukabidhi bomba bovu la jikoni."