Mashine ya Bibi Opal na Kimbunga

Jumanne asubuhi, Verlin Stuckey alikuwa anakaanga mayai nje ya karavani huku kaptura imempanda na soksi nyeupe zimemfika magotini. Jua lilikuwa limeshapamba moto. Kwao Indiana, mwezi huo wa Oktoba, watu wameshatoa makoti. Huku Florida unasimama tu na jasho linakutoka.

Verlin anaendesha lori la maziwa. Mkewe, Renae, anapika kwenye jiko la shule. Wana binti mmoja, Tessa, wa miaka tisa. Shule za kwao hufungwa wiki moja kila Oktoba, basi safari hii waliipangia wiki hiyo. Waliisubiri miaka miwili. Walikodi karavani, ile nyumba ya magurudumu, wakaifunga nyuma ya gari, wakaja mpaka kambi hii iliyo karibu na bustani kubwa ya michezo, yenye mabembea na treni la kupinduka hewani. Tiketi zilikuwa za siku tatu: Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.

Na mama yake Renae walikuja naye. Huyo ndiye Bibi Opal. Mapafu yake yamechoka. Anavuta hewa kwa mpira mwembamba unaoingia puani, na mpira unatoka kwenye mashine inayokula umeme. Mchana na usiku mashine inanguruma. Ikinyamaza, midomo ya Bibi Opal inaanza kubadilika rangi.

"Mkwe, hayo mayai unayakaanga au unayachoma?" Bibi Opal aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Nayachoma, mama. Ukiyachoka, hoteli iko kule."

Ndivyo walivyoishi wale wawili. Siku isiyo na utani, ujue mmoja anaumwa.

Jirani yao wa upande wa pili alikuwa mama mmoja wa Puerto Rico, jina lake Migdalia. Yeye si mgeni. Anaishi kambini mwaka mzima, na kazi yake ni kusafisha mabafu ya kambi. Asubuhi hiyo hakuwa na ufagio. Alikuwa anakunja viti vyake, anafunga vyungu vya maua kwa kamba, anajaza maji kwenye madumu. Verlin alimwangalia, akatabasamu. Akamwambia mkewe kwamba yule mama anahama au amegombana na viti.

Renae hakucheka. Aliwasha simu, akamwonyesha ramani. Kimbunga kilikuwa kinakuja kutoka baharini, na watabiri walikipa jina Corwin. Kingefika Alhamisi.

Verlin alichukua simu, akaikuza ramani kwa vidole viwili. Kulikuwa na mstari mwembamba unaoonyesha njia ya kimbunga. Mstari ulipita magharibi, mbali nao, kama mwendo wa saa moja kwa gari.

"Si huu hapa?" alisema. "Haupiti kwetu. Sisi tuko huku."

Akarudisha simu, akageuza mayai. Kwake habari ilikuwa imekwisha.

Ujue, Verlin haogopi upepo. Kwao Indiana kuna kisulisuli, ule upepo unaozunguka kama pia na kung'oa mapaa. King'ora kikilia, wanawake na watoto wanashuka chumba cha chini ya nyumba. Wanaume wanatoka barazani na kahawa mkononi, kuangalia. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Dakika kumi, upepo umepita, watu wanarudi mezani. Kwa hiyo alimpangia mkewe mambo: upepo ukija, wote wakimbilie kwenye mabafu ya kambi, yamejengwa kwa tofali. Wakae dakika kumi, watoke, waende zao kwenye michezo.

Mchana Migdalia alivuka njia na bakuli la wali na mbaazi. Alisema anamaliza vya kwenye friji kabla umeme haujakatika, na chakula hakitupwi. Akakaa na Bibi Opal. Macho yake yakafuata ule mpira mwembamba, kutoka puani mpaka mlangoni mwa karavani.

"Hiyo mashine ina betri, mama?"

"Ipo," Bibi Opal alisema. "Inakaa saa tatu."

"Na mitungi ya hewa?"

"Mmoja mdogo. Wa kutembelea kule kwenye michezo. Saa tano hivi, nikienda polepole."

Migdalia alihesabu kwa vidole, halafu akamgeukia Verlin. "Saa nane hizo, kaka. Umeme ukikatika siku nne, mnafanyaje?"

Verlin alisema umeme hautakatika, maana mstari uko mbali. Akatoa simu amwonyeshe. Migdalia hakuitazama. Alimuuliza anafanya kazi gani. Verlin akasema anaendesha lori.

"Vizuri. Barabarani kuna ule mstari wa katikati. Mimi nikisimama hatua moja pembeni ya mstari, na wewe unakuja na lori lako juu ya mstari. Utanikosa?"

Verlin alirudisha simu mfukoni.

"Utanipiga," Migdalia alisema. "Kwa sababu mstari ni mwembamba, lori ni pana. Huo mstari kwenye simu ni njia ya jicho la kimbunga tu, pale katikati. Mwili wake unafika huku na unapita. Tena hata hilo jicho linaweza kuhama njia. Na si dakika kumi. Ni siku nzima."

Akawaeleza kwa nini alihama kwao. Kimbunga kilipita kisiwani, na yeye na nyumba yake walisalimika. Umeme ndio haukurudi, miezi. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mzee Wilfredo, alikuwa na mashine kama hii. Upepo haukumgusa yule mzee. Alikufa siku ya tatu, kukiwa na jua zuri tu, ndege wanalia.

Hapo Renae alishika mkono wa mama yake.

Lakini Verlin ni mbishi. Alisema watafunga karavani vizuri. Alisema tiketi zitaharibika. Alisema na mtoto je, aliyesubiri miaka miwili? Watampima kimo kesho, waone kama amefikia urefu wa kupanda lile treni la kupinduka, leo aambiwe arudi ndani akakae? Alisema mengi. Kila neno lilikuwa na ukweli kidogo, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumnyamazisha.

Aliyemnyamazisha ni Bibi Opal. Alivuta hewa kwanza. Yeye akitaka kusema maneno mengi, lazima avute kwanza.

"Verlin. Nimefanya kazi kiwanda cha makaravani miaka thelathini na moja. Hizi kuta nimezitengeneza mimi. Unajua zimeshikwa na nini? Vijiti, gundi, na bati jembamba kama la kopo la soda." Akavuta tena. "Kulala humo sitaki. Na anayepumua ni mimi, si tiketi."

Verlin alikunja kiti chake. Halafu akakunja na kingine.

Migdalia akawaambia la kufanya kwanza. Huku wana msemo: maji unayakimbia, kwa upepo unajificha. Wanaokaa ufukweni, ambako bahari itapanda, waondoke. Walio mbali na bahari, kama wao, hawana haja ya kukimbia mpaka Indiana na kukwama kwenye foleni barabarani. Wanatakiwa kutafuta jengo imara karibu. Karavani si jengo imara, hata uifunge minyororo. Na mtu wa mashine ana mahali pake: shule fulani ambazo wilaya inazifungua, zenye jenereta na manesi. Ila lazima ujiandikishe mapema. Usisubiri upepo uanze kuvuma ndipo upige simu.

Renae akapiga simu wilayani saa ile ile. Aliyepokea ni mama mwenye sauti ya kuchoka lakini mpole. Aliuliza jina, ugonjwa, mashine ya aina gani, dawa zipi. Renae aliogopa kusema wao ni wageni. Yule mama akamwambia mgeni naye anapumua, aendelee. Wakamwandikisha Bibi Opal. Wakaambiwa waje wote wanne Jumatano saa tisa alasiri. Walete mashine, betri, dawa za wiki nzima, karatasi ya daktari, shuka, mito na chakula anachokula mgonjwa.

Simu ya pili ilikwenda kwa wale wa kwao wanaomletea Bibi Opal mashine. Kumbe wana wenzao Florida. Jumatano asubuhi mitungi miwili mikubwa ikaletwa mpaka kambini. Bila ile simu, isingekuja hata mmoja.

Basi Jumatano, siku ya kwanza ya tiketi, hawakwenda kwenye michezo. Tessa alilia mpaka macho yakavimba. Baba yake hakumwambia anyamaze. Alimpa kazi. Tessa akaweka vitambulisho, kadi za bima na karatasi za dawa kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga vizuri maji yasiingie. Akapiga picha kila upande wa karavani, ndani na nje, kuonyesha ilivyokuwa kabla. Akachaji simu zote na tochi.

Verlin alikwenda kujaza mafuta. Foleni ilikuwa ndefu, na nyuma yake, baada ya gari sita, pampu zikakauka. Akanunua maji: lita nne kwa kila mtu kwa kila siku, ya siku tano. Maharage ya kopo, siagi ya karanga, mkate. Kifungua kopo cha mkono pia, ambacho Migdalia alimkumbusha, maana watu hununua makopo halafu wanayatazama. Akachukua na pesa taslimu kidogo, kwa kuwa umeme ukikatika kadi haisomi. Aliporudi akafunga mtungi wa gesi, akakunja turubai, akaingiza ndani kila kitu kinachoweza kuruka. Renae alimpigia mwenye karavani, akamweleza. Akapigia na bustani ya michezo, kwa uoga. Wakamjibu kwamba Alhamisi na Ijumaa watafunga, na tiketi zao zitatumika siku nyingine. Yaani ile hofu yote ya Verlin ilimalizwa na simu ya dakika nne.

Saa tisa walikuwa shuleni. Migdalia walimchukua kwenye gari lao, manesi wakamkubali awasaidie kugawa chakula. Bibi Opal alipewa kitanda karibu na soketi.

Kimbunga kilianza Alhamisi alfajiri. Verlin alihesabu dakika kumi, zikapita. Ikapita na saa moja. Upepo ulikuwa haupumziki, unasukuma tu, kama mtu anayegonga mlango na anajua mko ndani. Saa nne asubuhi, mguu wa Verlin ukamkumbuka baba yake. Akachukua kikombe cha kahawa, akaenda mlangoni, akashika komeo.

"Kaka," Migdalia alisema nyuma yake. "Unakwenda kuangalia nini?"

Kabla hajajibu, kitu kikubwa cha bati kilipiga ukuta wa nje, kikaburuzika, kikaenda. Verlin alitazama mkono wake ulioshika komeo. Akauondoa. Akarudi kukaa.

Saa saba mchana taa zikazimika. Ukumbi mzima ukawa kimya, na kwenye kile kimya mashine kama ishirini zikaanza kulia pi, pi, pi. Verlin hajawahi kusikia sauti mbaya kama ile. Renae alivuta mtungi mkubwa, ili wasimalize betri mapema. Verlin akafungua koki kama alivyofundishwa asubuhi ya jana, wakahamisha mpira. Bibi Opal alikuwa amemkazia macho. Akavuta. Akavuta tena. Kifua kikapanda, kikashuka.

Halafu jenereta ikanguruma nje. Taa zikarudi, mashine moja moja zikaanza kuimba, na watu wasiojuana wakawa wanapigana mabega na kucheka.

Jioni upepo ulichoka. Uliwashika zaidi ya saa kumi na mbili.

Ijumaa mchana, walipoambiwa njia ziko salama, Verlin na Migdalia walikwenda kuangalia kambi. Walitembea polepole. Migdalia hakuruhusu mguu ukanyage dimbwi, kwa sababu waya za umeme zililala chini na huwezi kujua ipi ina moto. Mwaloni mkubwa ulikuwa umevunjika tawi. Tawi limepasua paa la karavani, limeingia mpaka kwenye kitanda cha Bibi Opal. Bati la karavani lilikuwa limejikunja kama karatasi.

Verlin alivua kofia.

"Asante, dada," alisema. Migdalia alimpiga kidogo begani, akaenda kutafuta vyungu vyake.

Umeme wa kambi ulirudi Jumanne iliyofuata. Siku tano. Wakati huo Bibi Opal na wenzake walikuwa wameshatoka Florida. Walilala shuleni mpaka Jumapili, manesi walikubali. Jumamosi bustani ilifunguliwa, na Tessa alipanda lile treni mara sita mpaka akatapika, akaomba apande tena. Mwenye karavani alipokea zile picha alizopiga Tessa, bima ikashughulikia.

Jumatatu walikuwa njiani, wameshaingia Kentucky. Verlin alisimamisha gari kituo cha mafuta. Renae alidhani anataka kahawa. Hakushuka. Alitoa simu, akapigia kampuni ya umeme ya kwao. Akasubiri, muziki unalia, dakika kumi na tano nzima. Hakuna aliyemtuma.

Alimwambia kijana aliyepokea kwamba Januari barafu hukata waya zao kila mwaka, na nyumbani kwake kuna mtu anayeishi kwa mashine ya hewa. Anataka aandikwe kwenye orodha ya wanaotangulia kurudishiwa umeme. Anataka kujua pia ni shule gani ya kwao inafunguliwa barafu ikizidi. Kijana akaandika anuani. Akaandika jina. Akauliza huyo Opal ni nani wake.

Verlin alitazama kwenye kioo. Kiti cha nyuma, kati ya mito na mitungi, mama mkwe wake alikuwa amefumba macho, mpira puani, anapumua.

"Ni mama yangu," alisema.

Bibi Opal hakufumbua macho. Ila alivuta hewa kwanza, ile ya kutaka kusema maneno mengi, halafu akaitoa polepole bila kusema kitu.