Punje Mbili Zilizobaki

Nje, Mtaa wa Kongo una kelele tangu asubuhi. Ndani, Bi Badria anatunga tasbihi, kimya. Kila tasbihi ina punje tisini na tisa.

Zamani walikuwa wawili. Mumewe, Mwinyimvua, alihesabu punje, yeye akatunga. Mwaka jana Mwinyimvua alifariki. Sasa Badria anafanya yote peke yake. Akimkumbuka tu, hesabu inampotea, na hakuna wa kumwuliza, "Tumefika ngapi?"

Juzi Mbaruku, mwenye duka, alimrudishia tasbihi moja pungufu.

"Mama, wateja wananilalamikia. Ikirudi nyingine, kazi nitampa mtu mwingine."

Badria hakulala vizuri. Bila kazi ile angeshindaje mchana kutwa?

Leo amemaliza katoni nzima ya punje. Amepata tasbihi 130. Lakini bakulini zimebaki punje mbili. Alizichukua, akatoka uani. Jirani yake, Scholastika, mwalimu mstaafu kutoka Masasi, alikuwa anafua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umesawajika hivyo?"

Badria akamweleza. "Labda kiwandani walizidisha," alisema.

"Katoni imeandikwa punje ngapi?"

"12,870."

Mwalimu akafuta mikono. "Namba kubwa isikutishe. Ukitoa tasbihi moja kwenye punje mia, zinabaki ngapi?"

"Moja."

"Haya. 12,870 ni mia 128, na 70 juu. Kila mia inatoa tasbihi moja na kubakiza punje moja. Kwa hiyo una tasbihi 128, na punje 128 zilizobaki. Ongeza zile 70."

Badria alifikiri kidogo. "198."

"Hizo ni tasbihi ngapi?"

"Tisini na tisa mara mbili... Mbili!"

"Jumla 130. Hakuna baki. Basi hizo mbili zimetoka kwenye tasbihi zako."

Badria akanyong'onyea. "Nizihesabu zote upya? Peke yangu?"

"Nani kasema peke yako? Leta mkeka."

Walihesabu mpaka jua likapungua. Walizipata: tasbihi mbili, kila moja imepungua punje moja. Badria alizifungua, akazitunga upya.

"Kuanzia sasa," alisema mwalimu, "usifunge uzi kabla ya kuhesabu thelathini na tatu mara tatu. Na katoni ikiisha, tazama bakuli."

Mbaruku alizipokea zote. Wiki hiyo hakuna tasbihi iliyorudi, wala wiki iliyofuata. Akamletea katoni nyingine mbili.

Ijumaa Badria alipika vitumbua, akaenda kupiga hodi kwa mwalimu. Mlango ulichelewa kufunguliwa. Scholastika aliitazama sahani, asiipokee.

"Vipi, mwalimu? Huli vitumbua?"

"Nakula," alisema taratibu. "Ila tangu Pasaka hakuna mtu aliyegonga mlango huu."

Badria akavua viatu, akaingia.