Redio ya Mama Jokébed

Kila alasiri, akishaosha vyombo na kuchota maji, Kavira alishika njia ya kwenda kwa Papa Edmond, fundi wa vyombo vya sauti huko Vulamba, mjini Butembo. Papa Edmond alitunza spika za kanisa, na watu walimletea redio zilizopoteza sauti. Kavira alikuwa na miaka kumi na miwili. Vita vilikuwa vimefunga shule yao, naye hakutaka kukaa bure.

Alianza na mambo madogo. Aligusisha nyaya za spika kwenye jiwe la redio, yaani betri yake ndogo, spika ikiitika "krr!" alijua ni nzima. Alipasha chuma cha kulehemu kwenye makaa, akajifunza kuunga nyaya bila kujiunguza. Jambo moja Papa Edmond hakuchoka kumkanya.

"Redio ya mawe, hapana kuilisha na batteri ya pikipiki. Nguvu inazidi, inaungua. Umesikia, mutoto wangu?"

"Nimesikia, papa."

Siku moja jirani yao, Mama Jokébed, alimletea Kavira redio yake. Mwanawe wa pekee, Jephté, alikuwa amekwenda kununua maharagwe upande wa Kalunguta. Mapigano yakazuka, kijana hakurudi. Tangu hapo mama huyo hakubanduka kwenye redio, maana kila jioni yalisomwa matangazo ya watu waliopotezana na jamaa zao. Kichochoroni kwao redio ilikuwa hiyo moja tu. Nyingine zilikuwa zimeporwa na askari.

"Kavira, nikiongeza sauti inakwaruza tu. Uniangalilie. Mais unirudishie mbele ya jioni," alisema, akiweka neno la Kifaransa "mais" penye "lakini".

Kavira akaipeleka kwa Papa Edmond, lakini mzee alikuwa ametoka. Kavira akaifungua redio, akasafisha kitufe cha sauti kwa pamba na pombe kali. Sauti ikatoka safi kabisa! Furaha ikampanda kichwani. Akaiona spika kubwa ya kanisa, na kando yake betri ya pikipiki. Akatamani kazi yake ivume hadi barabarani. Akaiunganisha redio na vyote viwili. Spika ikanguruma mara moja, kisha kimya. Moshi mwembamba ukatoka nyuma ya redio.

Akaifunga, akairudisha kwa mwenyewe.

"Mawe yake imeisha, mama," alisema, macho chini.

"Imeisha? Na vita hii, nitapata wapi ingine? Haizuru. Wasingya, mutoto wangu." Akamshukuru hivyo kwa Kinande, akimshika bega.

Basi kila asubuhi Kavira alimwona Mama Jokébed akianika mawe ya redio juani, labda yatapata nguvu tena. Jioni aliyarudisha mahali pake, akazungusha kitufe, akatega sikio. Nitasema kesho, Kavira alijiambia. Kesho ikazaa kesho.

Hata siku moja akaja Issaka, dereva wa lori kutoka Beni. Kavira alikuwa akimenya ndizi kando ya ua, akasikia kila neno.

"Mama Jokébed, tulikungojea sana. Jephté alipigwa risasi njiani, bakamuleta hospitali ya Beni. Bakatangaza jina lako kwa redio, jioni nyingi: mama aje, mutoto anamwita."

"Redio yangu haina mawe. Sikusikia kitu. Mutoto iko namna gani sasa?"

Issaka akavua kofia yake. "Jana tulimuzika, mama. Alikuulizia mpaka mwisho."

Kilio cha mama huyo kiliwatoa majirani wote nje. Kavira akaacha ndizi, akakimbia hadi kwa Papa Edmond, akamweleza yote. Mzee akaweka chini chuma cha kulehemu. Kisha akasema, "Twende. Utasema mwenyewe."

Mbele ya waombolezaji, Kavira akapiga magoti. "Mama, si mawe. Mimi niliunguza redio."

Mama Jokébed akamtazama. "Kila asubuhi ulikuwa unaniona nikianika mawe?"

"Ndiyo, mama."

Mama akageuza uso ukutani.

Siku za matanga zilipopita, Papa Edmond na Kavira waliifungua ile redio. Transista moja ndogo ndiyo iliyoungua. Walichomoa nyingine katika redio mbovu, na Kavira akailehemu mwenyewe, machozi yakimtoka. Redio ikasema. Wakampelekea mwenyewe.

"Nimekusamehe kwa sababu ya Mungu," alisema Mama Jokébed. "Mais roho ingali inauma. Hata nikinyamaza, hapana kunikimbia."

Njiani Kavira alisema, "Papa, mimi sitagusa tena chuma cha kulehemu."

"Utagusa," alijibu Papa Edmond. "Kuunguza si zambi. Fundi gani hajaunguza? Kazi ya leo haikumaliza hata asubuhi. Ungeniambia siku ileile, mama angesikia jina lake jioni. Pengine Jephté angekufa tu, hatujui. Mais angekufa mama yake amemushika mukono. Mutoto wangu, kosa ukilisema mapema, linatengenezeka. Ukilificha, wengine ndio wanaumia, na kile kinachopotea hakuna fundi wa kukirudisha."

Kavira akasimama katikati ya njia, akalia kwa sauti. Papa Edmond hakumharakisha. Alisimama kando yake mpaka alipoweza kutembea tena.