Jogoo wa Kumpelekea Mwashi

Paskalina alikoroga uji wa mtama, akampelekea mumewe kitandani. Ilikuwa hivyo kila asubuhi kwa miezi mitano.

Mumewe, Marselino, alivunjika mguu wa kushoto ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Rwamgasa. Hospitalini walimfunga plasta, kisha wakaifungua. Mfupa ulikuwa umeungana. Lakini alirudi nyumbani, karibu na Kharumwa, akalala akiutazama ukuta.

Asubuhi hiyo alipita Bhoke, mhudumu wa zahanati.

"Shikamoo, Baba Mageni."

"Marahaba. Kama umekuja kunisimamisha, rudi."

"Mfupa umepona. Sasa nyama za mguu ndizo zinazolegea kwa kulala. Leo simama tu. Kesho tembea hadi mlangoni. Kesho kutwa fika jikoni."

"Mguu utavunjika tena."

"Hautavunjika. Shika mkongojo huu, uende polepole. Ukiuma sana, pumzika, kisha uendelee."

"Mkongojo ni wa vizee."

"Na uji wa kuletewa kitandani ni wa nani?" Paskalina aliuliza.

Marselino akageukia ukuta.

Nje, Paskalina hakutania tena. "Dada Bhoke, mvua ziko karibu. Peke yangu nitalima nusu ya shamba. Nusu ya shamba hailishi watu watano."

Jumamosi ile gari la sinema lilifika kijijini. Kwa sababu ya ukame, pamba haikuvunwa mwaka huo, na ghala la chama cha ushirika lilikuwa tupu. Watu waliziba madirisha kwa magunia. Ghala likawa na giza mchana kweupe.

Paskalina hakumwomba mumewe ruhusa. Aliwaita vijana, wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, yeye na kitanda chake cha kamba.

"Ng'ombe hawa wamezoea magunia ya pamba," alisema Pantaleo, mwenye mkokoteni. "Leo wamepata gunia lenye ndevu."

Filamu ilimhusu mwashi. Alianguka kutoka juu ya ukuta, akaumia mguu. Alilala, akamkaripia mkewe, akageukia ukuta. Watu ghalani wakaanza kumtazama Marselino. Halafu binti wa mwashi akaposwa. Mwashi akasimama, akaanguka. Akasimama tena, akaanguka tena. Siku ya harusi aliingia na mkongojo wake, na ghala zima likapiga vigelegele kama vile harusi ni yao.

Marselino alilia hadi kola ya shati ikalowa. Wala hakujificha.

Kesho yake, Akida, mwendesha mashine ya sinema, alikuwa akikunja pazia jeupe mbele ya ghala. Alimwona mtu akija polepole, mkongojo mkononi, jogoo kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jogoo huyu mpelekee yule mwashi. Mwambie Marselino anampa pole, na hongera pia. Sisi huku hatumwachi mtu mwenye shida mikono mitupu."

Akida alitaka kucheka, akajizuia.

"Mzee, yule si mwashi. Ni mwigizaji. Mguu wake mzima kabisa. Walipomaliza kupiga picha alikwenda kucheza mpira."

Uso wa Marselino ukabadilika. "Kumbe nimelilia uongo?"

"Bibi yako alikusimulia habari za sungura na fisi?"

"Sana."

"Sungura anaongea?"

"Sungura aongee wapi?"

"Lakini ulimsikiliza, na mpaka leo unamkumbuka. Filamu ile nayo ni hadithi. Watu wameitunga. Ila maumivu yale unayajua, ndiyo maana ulilia. Hakuna aibu hapo. Mtu aliyebanwa na shida akimwona mwenzake anainuka, hata hadithini, naye hupata nguvu ya kujaribu." Akida akatazama huku na huku. "Unakaa wapi?"

"Kule, kwenye ua wa minyaa, ng'ambo ya kisima."

"Mbali hivyo? Nani amekuleta?"

Marselino akageuka nyuma. Njia ilikuwa tupu. Vumbini kulikuwa na nyayo zake, na pembeni yake vishimo vya mkongojo.

"Hakuna," alisema.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka jogoo akapiga kelele.

"Basi mrudishe jogoo wako, mzee."

"Zawadi hairudi. Mle wewe. Wabeja, asante sana."

Paskalina, akihema kwa kumtafuta, alimkuta njiani akirudi. "Nimekutafuta mpaka chooni!"

"Nilikuwa na safari," alijibu Marselino.

Tangu siku hiyo alifuata maneno ya Bhoke. Kila siku aliongeza hatua chache. Mguu ulipouma alikaa kwenye jiwe, akapumzika, kisha akainuka. Wiki ya tatu alifika shambani. Wiki ya sita aliuacha mkongojo, akashika jembe.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Paskalina alianza tuta lake mapema, akijua mumewe atakuwa nyuma. Alipoinua kichwa, alimwona mbele yake.

"Ngoja, Baba Mageni," alisema. "Usinikimbie."